Sanduku la Mjerumani

Mwalimu wetu wa historia alikuwa amerudi kutoka Tanzania, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko mgongo wake. Siku ya kusaka hazina alitugawa makundi, akatupa mafumbo ya enzi za ukoloni: Wabelgiji walitokea upande gani, Mjerumani aliukimbiaje mji wetu wa Gisenyi. Jibu la mwisho lilitufikisha nyuma ya nyumba kuukuu karibu na ziwa, ambako Mjerumani, kwa maneno ya mwalimu, alifukia sanduku kabla ya kukimbia. Sote tulijua kalifukia mwalimu mwenyewe, lakini mshindi angepata begi jipya, kwa hiyo majembe yaliingia kazini.

Mimi nilimsahau mama. Mji huu ukichimbwa msingi au mtaro, habari humfikia, na hata akiwa mpakani huacha bidhaa zake akaja na shuka jeupe mfukoni. Baba yake na kaka zake waliuawa katika mauaji ya kimbari, na mpaka leo hatujapata hata mfupa wa kuzika.

Nilipomwona akiingia niliona aibu, kisha nikajichukia kwa kuiona. Wenzangu waliacha kucheka. Mwenye kovu usidhani kapoa, na karibu kila mmoja wetu ana kovu la namna hiyo nyumbani kwao. Mama alipiga magoti kando ya shimo, akawa anapekua udongo kwa vidole, bonge kwa bonge. Jembe likagonga kitu. Mama akatandaza shuka.

Lilikuwa sanduku la bati. Ndani mlikuwa na kalamu na peremende.

Mwalimu alimwomba radhi, jasho likimtoka. Akaeleza kwamba ni mchezo wa wanafunzi tu, na kwamba sanduku alilificha yeye. Mama alilikunja shuka taratibu. Hakukasirika, na mimi ningependa angekasirika.

"Mwalimu, we ulificha, donc, basi, ulijua fasi, pale pa kuchimba," alisema kwa Kiswahili chetu cha mpakani. "Wangu pia, iko mutu mwenye aliwaficha. Iko humu mu muji, anajua fasi. Anangojea nini?"

Tulifukia shimo, nikaondoka na mama kwa miguu. Njia nzima, kila mzee tuliyekutana naye mama alimsalimu kwa heshima, akaushika mkono wake, akamtazama usoni, asiuachie upesi.