Bolti Kati Yangu na Baba Mkwe

Mume wangu ni Mnyakyusa, mimi ni Mhehe wa Mlandege, Iringa. Nilipoolewa nilifundishwa mambo mengi ya ukweni nikayapokea bila shida, isipokuwa moja: mkamwana haonani na baba mkwe wake. Hamsalimiani, hamsemeshani, na akipita huku wewe unapita kule. Nyumba nyingi siku hizi zimelegeza. Ya kwetu haijalegeza hata kidogo. Miaka yote ya ndoa nilimjua mzee yule kwa viatu vyake mlangoni na kwa sauti yake sebuleni nikiwa jikoni. Nilimheshimu, lakini kumpenda nisingeweza kusema. Utampendaje mtu ambaye hujawahi kumwona usoni?

Kisha mama yangu akateleza bafuni kwake akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali, mume wangu alisema tukamchukue aje kukaa nasi Mbeya. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Lakini usiku sikupata usingizi vizuri. Mama mzaa mke kuhamia kwa mkwewe, pengine moja kwa moja, si jambo dogo, na baba mkwe ndiye mkubwa wa ukoo. Atasemaje? Kumuuliza siwezi. Mume wangu akanijibu, "Baba hana neno." Mume wangu kwake kila mtu hana neno, hata anayemfokea.

Mama asingeweza kukaa kwenye basi. Alitakiwa alale, mguu umenyooka, kwa hiyo tungelaza viti vya nyuma vya gari letu na kutandika godoro. Tatizo lilikuwa shokapu za nyuma. Zilikuwa zimevuja hadi kila shimo likagonga mgongoni, na nilipofikiria ile nyonga nilihisi maumivu mimi mwenyewe. Mume wangu alikuwa Tunduma kikazi, fundi wangu wa Mwanjelwa alikuwa amekwenda msibani. Nikanunua shokapu mpya, nikainua gari uani, nikaweka stendi, nikavaa suruali ya kazi chini ya kitenge. Breki huwa nabadilisha mwenyewe; shokapu zingenishinda kwa nini?

Wakwe walikuwa wamekuja kutoka Tukuyu kwa ajili ya kliniki ya macho ya mzee, wamefikia kwetu. Mzee alikaa barazani mbele, mimi nikafanya kazi uani nyuma. Kila mtu na upande wake.

Shokapu ya kushoto ilitoka kama mtoto mzuri. Ya kulia, bolti ya chini ikagoma. Kabla hatujalinunua, gari lile lilikuwa likibeba mpunga Ubaruku, na maji ya majaruba yalikuwa yameila ile bolti hadi ikashikana na nati yake. Nikizungusha nati kwa ndani, bolti inazunguka nayo kwa nje. Alitakiwa mtu wa pili ashike upande mmoja. Nilinyoosha mikono yote miwili nikabaki nimetundikwa kama nguo kwenye kamba. Spana ikachomoka, ikanichuna vidole, nikasema maneno ambayo mke wa mtu hayasemi wakwe wakiwepo.

Mama mkwe akatoka. Akanitazama nilivyolala chini, akarudi ndani. Nikajua nimeharibu. Baada ya muda nikasikia viatu. Si vyake.

Nikajivuta haraka chini ya gari, uso nikaugeuzia ukuta. Viatu vile vikazunguka kwa nje vikasimama upande wa gurudumu la kulia. Kigoda kikaburutwa. Kisha nikasikia sauti ambayo kwa miaka niliisikia kupitia ukuta, safari hii iko hatua moja tu kutoka sikioni kwangu.

"Mwambie amwagie mafuta ya gia, halafu asubiri."

"Baba anasema umwagie mafuta ya gia, usubiri," akasema mama mkwe, aliyesimama katikati yetu.

"Nimesikia, mama."

"Anasema amesikia."

Nikamwaga, tukasubiri. Mzee akawa anaigonga bolti taratibu kwa nyundo, bila pupa, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua wenyewe wamo.

"Mwambie akaze kwanza."

Nikapandwa na hasira. "Kukaza tena? Mama, mwambie tunafungua!"

"Anasema mnafungua."

"Kutu ivunjike," mzee akasema, wala hakupandisha sauti. "Ikisogea mbele kidogo, itarudi nyuma."

Tatizo likawa kwamba tulitakiwa kushika na kuvuta kwa pamoja, na maneno yalikuwa yakifika yamechelewa. Akisema "vuta," mama mkwe akirudia "vuta," yeye ameshavuta na spana yangu imeshateleza. Baada ya mara kadhaa mama mkwe akaangusha mikono.

"Mimi nimechoka kubeba maneno ambayo wote mmeshayasikia. Maharage yangu yanaungua." Akaenda zake.

Tukabaki wawili. Nikaona aibu, nikangoja aondoke. Badala yake nyundo ikagonga chuma mara moja. Nikafikiri, nikaibana nati kwa spana. Nyundo ikagonga mara mbili. Nikaegemeza mwili wote, na kule nje akavuta spana yake aliyokuwa ameirefusha kwa bomba la maji. Bolti ikasogea kidogo kwenye kukaza. Ikapiga ukelele. Akageuza upande, akagonga moja, akagonga mbili, na nati ikaachia.

Nilicheka peke yangu kule chini. Nikasikia naye anacheka, halafu akajizuia. Siwezi kueleza nilivyompenda saa ile. Mzee wa macho mabovu, ameketi kwenye baridi ya Juni, ananisaidia na wakati huohuo ananitunzia heshima yangu na yake, hakuna aliyepungukiwa.

Tulipomaliza kufunga, nilidhani kazi imekwisha. Mama mkwe akaja na ujumbe mpya: baba anataka kujaribu gari. Akafunga kitenge nyuma ya viti vya mbele kikawa pazia, akaniambia niingie kwenye usukani nisigeuke. Nyuma nikasikia mlango, kisha godoro la mama likibonyea. Mzee alikuwa amelala pale, chali, mguu ameunyoosha.

"Anasema upite kwenye mashimo," mama mkwe akasema, akikaa pembeni yangu. "Yale mabaya."

Nikapita barabara ya Mwanjelwa, kisha njia ya nyuma ya soko ambako lami ilishasahaulika. Nilipunguza mwendo, akaagiza niongeze. Shimo baada ya shimo, na nyuma hakuguna. Tuliporudi uani ndipo alipozungumza tena, kwa sauti ya kutosha watu watatu.

"Mwambie mama yake atalala njia nzima. Na mwambie tutakuwepo hapa kumpokea. Ni mgonjwa wetu."

Mama mkwe akafungua mdomo arudie, akanitazama, akaufunga.

Nilizima gari nikainamia usukani, nikalia. Pazia lilikuwa kati yetu, hakuniona. Lakini alinisikia, maana alibaki amelala palepale kimya, wala hakuomba kufunguliwa mlango, mpaka nilipomaliza.