Mama Alivyompeleka Mkwe Wake kwa Wadai

Mama yangu alikuwa hajawahi kumtazama mume wangu usoni tangu tulipooana, na hakuna aliyeona ajabu. Mama ni Mluba wa Kinkondja, kando ya ziwa Kisale, na kwao ukwe si mchezo. Mwanamume akimwona mama wa mke wake njiani, anaacha njia na kuingia majanini. Hali chakula mbele yake, hampi mkono. Hiyo ndiyo heshima. Sisi wa Kamina mjini, watoto wa shule na wa kanisa, tumeyalegeza mengi, lakini mama akishuka kwenye treni ya Bukama na magunia yake ya samaki wakavu, Kinkondja nzima inashuka naye.

Basi akifika kwetu, mume wangu anatokea mlango wa nyuma. Mama anaketi ameuelekea ukuta. Wakiwa na la kuambizana, napita mimi katikati. "Mwambie mukwe, mwaka huu mahindi iliharibika," anasema mama kwa sauti ya kumfikia hata jirani. "Mwambie mama, nimesikia," anajibu mume wangu kutoka jikoni. Nami nasimama pale mlangoni, natumwa kwa mtu aliyekwisha kusikia. Nilikuwa nacheka peke yangu.

Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Mimi nakaanga mikate na kuiuza asubuhi mbele ya kiwanja. Mali tuliyokuwa nayo ni kiwanja hicho, na nyumba ya matofali ya kuchoma tuliyoijenga wenyewe, ukuta mmoja leo, mwingine tukipata. Nilibeba maji ya udongo ule nikiwa na mimba. Kwa hiyo mtu akiniambia nyumba ni nyumba tu, namwangalia vibaya.

Kisha mtoto wetu wa pili akaumwa tumbo, daktari akasema apasuliwe haraka, na mshahara wa walimu ulikuwa haujafika. Mume wangu akaenda kwa bwana mmoja mwenye depo, ghala la unga, karibu na stesheni, ambaye alikuwa anakopesha kwa riba: unachukua mia, mwisho wa mwezi unarudisha mia na hamsini, na usipoweza, ile hamsini yenyewe ulipe, mia ingali palepale. Akaacha karatasi za kiwanja kama rehani. Mtoto akapona, namshukuru Mungu. Deni likanenepa.

Wanasema kukopa harusi, kulipa matanga. Sisi hata hiyo harusi hatukuiona. Siku ya mshahara, mwenye depo alikuwa anamngojea mume wangu pale pale kwenye dirisha la malipo, anapokea riba yake, anatuachia ya chumvi. Ili tule, tukakopa pengine: unga kwa huyu, dawa kwa mama wa famasia, sabuni dukani. Na mume wangu, ambaye anafundisha jiografia vizuri sana, akajifunza jiografia mpya, ya njia zote za Kamina ambazo mdai hapiti. Alikuwa anakwenda shuleni kwa nyuma ya reli, mbali kabisa. Watoto wakazoea kujibu mlangoni, "Papa hayiko," hata mtu akija tu kuomba moto.

Hilo liliniuma kuliko njaa. Nikamwambia, "Weye unatembea sawa muntu aliyeiba mbuzi."

"Nisimame mbele yabo na nini?" akaniuliza. "Na meno?"

Kiangazi kikiwa katikati, mwenye depo akaja nyumbani, Jumapili baada ya ibada. Tukampa kiti, hakukaa. Alizunguka nyumba yetu polepole, akiyatazama mabati kama anayenunua, akagonga ukuta kwa kidole. Akasema ameshachoka kula riba, anataka mtaji wake. Mvua ikianza kunyesha na mtaji haujaanza kurudi, humo ndani ataingia mpangaji wake. Alisema kwa upole, na upole ule uliniogopesha zaidi. Usiku ule sikuongea na mume wangu, maana kama ningeanza nisingeacha.

Mama alifika juma lile lile na samaki wake. Mimi sikumwambia kitu, mtu hamvulii mume wake nguo mbele ya mama. Lakini sokoni kuna midomo. Mama wa famasia alipita kununua samaki, akamwuliza, "Mama, weye njo mukwe wa ule mwalimu anayekimbia bantu?" Mama alimfungia samaki wake, akapokea pesa, akasema ndiyo, njo miye.

Akarudi nyumbani mapema. Mume wangu alipomsikia uani akainuka kwenda mlango wake wa nyuma, kama kawaida. Mama akasema, "Mwambie mukwe asitoke." Kisha akakishika kiti, akakigeuza, akaketi akimtazama.

Sijui nielezeje. Ningeona mto unapanda mlima, nisingeshtuka hivyo. Mume wangu alisimama na mikono yake haina pa kwenda. Alitazama chini, akatazama dari, akanitazama mimi. Mama hakuharakisha. Alimtazama kama mtu anayesoma, na alipomaliza hakunituma mimi, alimwambia mwenyewe: "Kesho siku ya posho. Tutaenda siye babili, weye na miye."

Siku ya posho kwetu ni Jumamosi, na soko linajaa. Mama alitangulia, kitambaa kipya kichwani. Mume wangu akafuata na shati lake jeupe la kanisani, jasho limekwisha kumtoka kabla jua halijapanda. Mimi nikawa nyuma yao, maana singekubali kubaki. Wanawake wa Kiluba walipomwona mama mzima anatembea na mkwe wake mchana peupe, sauti zilishuka meza kwa meza. Bibi mmoja alishika mdomo. Niliona haya, na bado nilitamani kila mtu atazame.

Kwa kila mdai ilikuwa namna moja. Mume wangu alisema mwenyewe, kwa kinywa chake, anachodaiwa, kisha, "Leo sina na feza, lakini niko hapa. Nitakuja kila siku ya posho, nikiwa nayo na nisipokuwa nayo." Mama aliongeza neno moja tu: "Huyu njo wangu." Basi, wanaondoka. Mama wa famasia, ambaye alikuwa amejiandaa kwa kelele, alibaki na kelele zake kinywani.

Mwisho wakafika depo. Mwenye depo alikuwa ameketi mbele ya magunia yake na simu sikioni. Alipoelewa ni nani amesimama mbele yake na amekuja na nani, aliikata ile simu na kusimama. Naye ni mtoto wa Kiluba, naye ana wakwe.

"Mama, ikala," akasema, akimsogezea kiti chake.

"Sitaikala. Sikukuja kulipa, niko na mambo yangu. Nilikuja kukuonyesha muntu. Huyu njo wangu. Akikimbia, usimutafute huku. Kuya Kinkondja, uulize mulango yangu. Hata mutoto mudogo atakuonyesha."

Yule bwana alimgeukia mume wangu. "Mwalimu, ulimufanyia nini huyu mama mpaka anatembea na weye?"

"Nilimukimbia," mume wangu akasema, "sawa nilivyokukimbia weye."

 Mtu wa kubeba unga alipita, akatoka. Kisha mwenye depo akasema maneno ambayo mimi ningeapa hayamo kinywani mwake: riba ilale kuanzia leo. Kila mwezi alipwe kipande cha mtaji, kidogo kidogo mpaka uishe. Lakini mwezi mmoja ukiruka, nyumba ni yake, na hata aletewe wakwe wa Katanga yote, hatasikiliza. Mama akasema, "Ni haki." 

Kabla ya kupanda treni, mama aliliacha kwetu gunia zima la samaki. Nikaanza kushukuru, akanikata. "Hapana zawadi. Ni deni. Auzishe, mara nyingine nikija anirudishie bei ya Kinkondja. Faida ni yake."

Hivyo mwalimu akauza samaki. Akitoka shuleni alikuwa anaivaa aproni yangu ya jikoni na kukaa sokoni mpaka giza. Wenzake walimcheka, wanafunzi wakamwita mwalimu wa samaki, na asubuhi alikuwa anasugua mikono kwa ndimu mpaka inawaka. Siku ya posho alizunguka kwa wadai. Mara nyingine na kitu, mara nyingi mikono mitupu, lakini alikwenda. Siku za kwanza alirudi moja kwa moja kitandani. Baadaye alianza kurudi na habari za mjini, nani amemwoza binti yake, nani ameletewa mzigo kutoka Kabongo. Watu wanaomdai walikuwa wanampa kiti.

Mama aliporudi, mume wangu alimpa bei ya gunia kabla hata ya salamu. Mama akahesabu, akamwachia magunia mawili. Na hapo likaanza jambo ambalo mpaka leo linanishangaza. Wabeba mizigo kwa baiskeli wa Kabongo, watu wasiomjua, wakamwachia mahindi bila pesa mkononi, kwa kuwa wamesikia. Wamesikia wapi? Sokoni. Kumbe jina la mtu linatembea mbele yake na kugonga milango, naye amelala. Tulipokuwa tunakimbia, jina letu lilikuwa linagonga milango hiyo hiyo, ila lilikuwa linaifunga.

Halafu mvua kubwa zikaja, na mabehewa yakaanguka njiani upande wa Bukama. Treni haikufika, samaki hawakufika. Mshahara nao, kama kawaida yake, ukachelewa. Siku ya mwenye depo ilikuwa kesho, na ndani ya nyumba hakukuwa na hata nusu ya kipande chake. Nilianza kufunga vyombo kwenye mashuka. Nilifunga kwa hasira, nikivunja viwili vitatu, maana nilikuwa nimekwisha kuamini tutapona na sasa niliionea haya imani yangu.

Mume wangu alitoka asubuhi kwa njia kubwa, si nyuma ya reli. Alirudi na pesa zote. Nikamwuliza ameuza nini. Hakuwa ameuza kitu. Mama wa famasia, yule yule, alikuwa amemkopesha, bila riba, bila karatasi. Alimwambia, "Weye unakuja kila siku ya posho, hata mikono mitupu. Muntu wa namna ile hapotei." Niliketi juu ya mashuka yangu yaliyojaa sufuria. Nikacheka, nikalia, sijui kipi kilitangulia. Deni la famasia lilirudi kabla treni haijatengenezeka vizuri, na nyumba ikabaki yetu mwezi ule, na mwingine, na mwingine, mpaka asubuhi moja mwenye depo akatoa karatasi za kiwanja na kumwambia mume wangu, "Mwalimu, ukitaka unga, gari nzima, kuya tu."

Habari ile sikutaka kuituma kwa simu. Nilipanda treni hadi Bukama, nikashuka mto kwa chombo, nikafika Kinkondja nikiwa na karatasi zile ndani ya blauzi. Mama alikuwa anapasua samaki mbele ya nyumba yake. Nilimwonyesha. Alipangusa mikono, akazipapasa bila kuzisoma, maana hasomi, akatikisa kichwa mara nyingi.

Nikatafuta mtumbwi wake wa kuendea samaki pale unapokaa siku zote, haukuwepo. Niliuona kwa mwanamke mwenzake, nyumba za mbele, wavulana wa yule mama wakiushusha majini. Nikauliza mama ameuuza lini.

Hakuuuza. Alinieleza huku anaendelea kupasua, kama anayeelezea hali ya hewa. Lile gunia la kwanza aliloacha Kamina halikuwa lake. Msimu ule hakuwa na samaki wa kutosha. Alichukua kwa yule mwenzake, na akaweka mtumbwi rehani. Muda wote mume wangu alipokuwa anauza, mama alikuwa anaomba nafasi katika mitumbwi ya watu ili afike kwenye samaki.

 Tulikuwa tumeweka nyumba, naye huku, kimya, ameweka miguu yake. Nilimwogopa mama yangu siku ile, kwa heshima, kama mtoto anavyoogopa kanisani.

"Mama, kwa nini hukusema?"

"Angejua, angeuzisha na woga. Mwenye woga bantu hawamununui."

"Lakini tulirudisha bei ya gunia zamani. Mtumbwi ungekuwa umerudi."

"Ulirudi," akasema. "Sasa iko rehani tena kwa ajili ya muke mumoja wa Kabondo-Dianda. Alifiwa na bwana, bantu wa deni banamukatalia kulala. Niliona uso wake pale Bukama, iko uso muzuri. Naye nimemwambia, atembee kwa bantu, asikimbie."

Nilizikunja karatasi, nikazirudisha ndani ya blauzi. Mama alinyoosha mkono kuelekea chungu cha ugali. "Kula," akaniambia, "bukari inapoa."