Buletini Isiyo na Wino Mwekundu

Baba yangu hakujua Kifaransa, lakini buletini, ile karatasi ya matokeo ya shule, alijua kuisoma. Aliishika kwa mikono miwili, akaipeleka mlangoni penye mwanga, akatafuta wino mwekundu. Alama zilizopungua nusu walimu waliziandika kwa biki nyekundu, naye alizihesabu kwa kidole. Nyekundu moja, maneno. Mbili, fimbo. Tatu, hata mama hakuthubutu kunitetea. Isipokuwapo hata moja, alikunja karatasi na kusema tule. Nilirithi kwake pua hii, hasira hii, na usomaji huo wa buletini.

Kwa hiyo siku direkta wa shule ya binti yangu, pale Nyakasanza, alipotuita wazazi kutueleza buletini mpya, nilisikia lile nililotaka kulisikia. Alisema hakuna tena asilimia, hakuna tena wa kwanza wala wa arobaini. Kila mstari utataja jambo moja ambalo mtoto wa mwaka wa pili anapaswa kuliweza: kusoma sentensi fupi peke yake, kuandika maneno anayosomewa, kujumlisha mpaka mia. Mbele ya kila mstari mwalimu ataandika kama mtoto analiweza, anajifunza bado, au hajaanza. Mzazi asome mstari kwa mstari, alisema. Mimi niliuliza swali moja tu: wino mwekundu utakuwa wapi? Akajibu kwamba hautakuwapo, kwa sababu watoto wamepigwa vya kutosha kwa ajili ya wino. Tulipiga makofi, na mimi nilipiga kuliko wote.

Mwalimu wa binti yangu alikuwa rafiki yangu. Tulikaa benchi moja miaka sita, tukagawana muhogo wa kuchemsha, na sasa tuliimba pamoja katika kwaya ya parokia. Aliniita yaya, yaani dada mkubwa, ingawa tuna umri mmoja. Nilipojua mtoto ataingia darasa lake nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nani angenichungia mtoto kuliko yeye?

Noeli buletini ikaja. Bluu tupu. Mistari ya kusoma, yote mitano, iliandikwa "anajifunza bado", nami nikaona ni vizuri, kwani shuleni watoto wanaenda kufanya nini? Binti yangu alisimama pembeni akikunja ncha ya sketi yake. Akaniambia kitu kuhusu ile mistari. Nikamwambia nyekundu haiko, aende akacheze.

Pasaka ikaja nyingine, mistari ileile, maneno yaleyale. Hapo wasiwasi ulinigusa kidogo. Jumamosi, baada ya mazoezi ya kwaya, nilimuuliza rafiki yangu waziwazi kama mtoto anasoma. Alikuwa anafunga daftari lake la nyimbo.

"Yaya, usijisumbue," akasema. "Mutoto iko mu njia. Atafika tu."

Nilimwamini. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Mwezi wa saba ikafika proklamasio, siku ya kutangaza matokeo. Kwetu mtoto akipanda darasa humwagiwa poda kichwani hapohapo uwanjani, na njia nzima watu wanajua kwa uso wake mweupe kwamba nyumba yao imeshinda. Nilinunua kopo la poda soko la Mudzipela, nikamwacha mama yangu nyumbani akichinja kuku. Mama alikimbia vita kule Djugu, akaja bila kitu, na mjukuu huyu mwenye madaftari ndiye fahari aliyobaki nayo.

Direkta alisoma majina ya wanaopanda mwaka wa tatu. Nilikuwa nimeshafungua kopo. Alimaliza, akageukia darasa lingine, na jina la mtoto wangu halikutoka. Nilidhani ameliruka. Nikamfuata rafiki yangu, akanipa buletini bila kuinua macho. Chini kabisa, kwa bluu ileile ya siku zote, paliandikwa kwamba hajaweza kusoma, arudie mwaka wa pili.

Nilimuuliza amejua tangu lini. Akasema tangu Noeli.

"Nilikuwa naogopa utanichukia, yaya," akasema. "Na buletini ilikuwa inakuambia yote."

Kikulacho ki nguoni mwako, na wangu alivaa sare ya kwaya kama mimi. Angeniambia Noeli, ningekaa na mtoto kila jioni mpaka herufi zikae. Nina macho, Kifaransa ninacho. Yeye aliniacha niimbe miezi sita pembeni yake. Nilimwambia pale pale asinisalimie tena, na kwaya nimeiacha mpaka leo.

Tulirudi kwa miguu, njia imejaa watoto weupe. Binti yangu aliomba tupite nyuma ya nyumba za watu. Kopo nililificha ndani ya kitenge, na tungeingia kimya, ila mama yangu alikuwa akitungoja mlangoni na kopo lake mwenyewe, ambalo sikujua alilinunua lini. Kabla sijafungua kinywa alikwisha kulimwaga lote, akipiga vigelegele, na majirani wakamwitikia. Mtoto alisimama mweupe toka kichwani mpaka mabegani. Hakulia, wala hakujipangusa.

Nilimvuta ndani nikamkalisha kando ya beseni. Nikamuuliza, kwa ukali uliobaki kutoka uwanjani, kwa nini hakuniambia kwamba hajui kusoma.

"Nilikuambiaka ku Noeli, mama," akasema. "Ukasema nyekundu haiko."

Kisha akanitazama. Macho yale niliyajua. Ndiyo niliyomkazia mwalimu wake, hata saa moja haijapita. Nikachota maji nikaanza kumwosha. Poda ya mama ilikuwa nyingi, ikabidi nibadilishe maji mara tatu.