Dominika na Vishikwambi vya Kasanga

Wifi yangu Dominika ni mwanamke wa kazi, nalisema hilo mapema ili mtu asije akadai Edith ana roho mbaya. Roho mbaya sina. Wivu ninao, tena wa kutosha, na sioni haya kuusema: mimi niliishia darasa la saba nikakabidhiwa cherehani, yeye akaenda Mbeya akarudi na stashahada ya kompyuta. Halafu akamchukua kaka yangu. Flavian, fundi seremala wa Katandala, mtu niliyemfulia mashati tangu tuko wadogo, alipomwona tu alisahau kama ana dada. Nyumba nzima ikawa Domi amekula, Domi amechoka, Domi anasikia baridi. Na mimi na baridi yangu ya Sumbawanga, nani aliniuliza?

Lakini haki yake nampa. Dominika ni mtoto wa mkulima wa ulezi kule Mpui, na kazi aliianza chini kabisa, anashika mizani kwenye kampuni moja ya kununua mazao. Kampuni hiyo ofisi yake kubwa iko hapa mjini, na ina matawi Mpui, Msanzi na kule bandarini Kasanga, mahindi yanakopakiwa kwenye boti za Kongo na Zambia. Zamani kila karani alikuwa anatumia simu yake mwenyewe, na akili yake mwenyewe. Huyu anatuma picha ya mzigo, yule anatuma sauti, mwingine hatumi kitu mpaka apigiwe. Kuna wakati Msanzi walinunua maharage kwa bei ya wiki iliyopita kwa sababu bei mpya ilikuwa kwenye simu ya karani, na simu ilikuwa imeisha chaji, na karani alikuwa shambani kwake anavuna. Bosi wao, Bwana Basil, akachoka. Akanunua vishikwambi vya matawi yote, akamwita Dominika akamwambia, "Mama, wewe ndiye msomi wa hivi vitu. Panga."

Wenzake ofisini walitaka vigawanywe siku hiyohiyo kama peremende za Krismasi. Akakataa katakata. Akaja nyumbani na karatasi kubwa, akaibandika ukutani sebuleni, tena pembeni ya picha ya harusi yao, akaanza kuchora maduara. Kila tawi na duara lake, ndani yake programu inazostahili: Mpui mizani na majina ya wakulima, Msanzi mbegu na mbolea, Kasanga shehena na hati za boti. Muziki hakuna, picha za kuchekesha hakuna. Kikipotea kishikwambi kimoja, yeye anakifunga akiwa hapa mjini, na akitaka anafuta kila kilichomo. Kikiwashwa mara ya kwanza, kinamwomba yeye ruhusa kabla ya kufanya kazi. Na ili yeye mwenyewe aingie kwenye huo mfumo wa kutoa ruhusa, lazima simu yake impe namba ya siri kwanza. Bila simu, hata yeye ni mgeni tu.

"Naanza na tawi moja," alisema. "Likivurugika, limevurugika moja. Kasanga kwanza, halafu Msanzi, halafu Mpui. Sisi wa mjini mwisho."

Flavian alikuwa anakunywa uji. Akauweka chini.

"Kwa nini Kasanga? Mpui ni kwenu, ni lami tupu mpaka mlangoni."

"Mpui mtandao ni mzuri. Programu ikikubali Mpui nitakuwa sijajifunza kitu. Kasanga mtandao unakuja na kuondoka. Ikikubali kule, itakubali kote."

Hapo mimi natia vifungo kwenye sare ya mtoto wa watu, masikio yote kwao. Maneno ya Dominika yalikuwa na akili, tatizo ni kwamba mtu akishashikwa na wivu akili humuudhi. Na Flavian alikuwa ameshashikwa siku nyingi. Mkuu wa tawi la Kasanga aliitwa Alphonce, ana sauti nzito ya kwaya, na alikuwa anapiga simu bila kuchoka: Dominika hiki kinagoma, Dominika hiki kimeganda, Dominika njoo uone. Kuna siku alimpa dereva wa kampuni furushi la migebuka mikavu amletee. Flavian akaitazama ile sahani, akaisukuma.

"Samaki wa mwanaume mwingine mimi sili."

Nikala mimi. Walikuwa watamu, asikudanganye mtu.

Kuanzia hapo ikawa "uko wapi" asubuhi, "uko wapi" mchana. Dominika yuko kwenye kikao na bosi, simu inaita, uko wapi. Yuko sokoni ananunua nyanya, uko wapi, mbona nasikia wanaume. Siku moja akarudi amefura.

"Flavian, kazi yangu mimi ni kujua kila kishikwambi kiko wapi. Sasa na mimi unataka unifanye kishikwambi?"

"Ndiyo," kaka akajibu. "Tena ungenisaidia sana."

Jamani! Nilidhani atamrushia sufuria. Badala yake akakaa chini, akaiingiza simu yake mwenyewe kwenye ule mfumo wa kampuni, halafu akachukua simu ya mumewe akamfungulia ukurasa. Ramani, na kidoa cha bluu. Kidoa kilikuwa kimekaa Katandala, juu ya paa letu.

"Huyo ndiye mimi. Niangalie mpaka macho yakuume. Ila hivi vitufe vya chini, kufunga na kufuta, ni vya simu ikiibiwa. Usiviguse."

Ningekuwa mimi, nisingempa. Mwanaume mwenye wivu ukimpa dirisha atataka mlango. Lakini mimi ni nani, wa kumshauri msomi?

Siku Dominika alipokwenda Kasanga kuwasha vishikwambi, Flavian hakufanya kazi ya maana. Alikuwa na mlango wa watu wa kuranda, akiuranda upande mmoja tu huku simu iko juu ya meza ya kazi. Kidoa kikafika Matai. Kikaanza kushuka bondeni kwenda ziwani. Kikatulia Kasanga, na yeye akatulia, mpaka akatabasamu na kuniomba chai. Nilipomletea, nikamkuta amesimama mdomo wazi.

"Edith. Njoo uone."

Kidoa kilikuwa Mpulungu. Ng'ambo ya mpaka, Zambia kabisa.

"Wamevuka," alisema. "Wamepanda boti wamevuka!"

Akapiga simu. Haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Unga wa mbao ulikuwa umemjaa kwenye kope. Na mimi, kwa kuwa mdomo wangu haujui kukaa, nikasema, "Si husemwa watu wa Kasanga wote wana ndugu Zambia? Huenda na huyo Alphonce wako ana nyumba huko." Nilisema tu. Wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda, na siku hiyo tuliushiriki wawili.

"Picha zetu za harusi zimo kwenye simu ile," kaka akasema. "Za mama, marehemu, amevaa kitenge cha harusi yangu. Hazikai Zambia kwa mwanaume!"

Akabonyeza kufuta. Simu ikamuuliza kama ana uhakika. Akabonyeza tena kwa nguvu, kidole kikageuka cheupe.

Sasa sisi watu wa juu, ziwa tunalijua kwa samaki. Flavian hajawahi kushuka Kasanga hata siku moja, na mimi vilevile. Mtu yeyote wa kule, hata muuza maandazi, angemwambia jambo ambalo kwao ni la kawaida kama kiu: simu za Kasanga hudaka minara ya Zambia. Umekaa kwenye kiti chako Tanzania, simu inakukaribisha Zambia, ramani nayo inakuweka hukohuko, na mtu wa kwenu akikupigia hakupati. Dominika alilijua hilo. Kwenye mpango wake alishaviamrisha vishikwambi vyote visishike mnara wa nje. Simu yake mwenyewe hakuikumbuka, maana haikuwamo kwenye mpango. Iliingia kwa ajili ya mumewe.

Kwa hiyo hakuvuka popote. Alikuwa ofisini Kasanga, simu yake inakula intaneti ya ofisi, vishikwambi vimepangwa mezani vinasubiri ruhusa yake. Asubuhi hiyo alikuwa ameshawaamuru makarani waache njia ya zamani, hati zote zitoke kwenye vishikwambi. Nje boti ya Kongo inasubiri mahindi, wapagazi wamejipanga. Akaingiza mkono kwenye mkoba achukue ile namba ya siri, akakuta simu imezima. Ikawaka yenyewe, ikamsalimia kama ndiyo imetoka dukani leo, ikamuuliza anataka kutumia lugha gani.

Alituhadithia mwenyewe baadaye, na sauti yake ilikuwa kavu. Vishikwambi vimegoma, hati hazitoki, mwenye boti anapiga kelele kwa Kiswahili chake cha Kongo. Akasubiri, akachoka, akapakia mzigo wa mfanyabiashara mwingine akaondoka. Mahindi ya kampuni yakabaki gatini. Bwana Basil akapigiwa.

Dominika alipotupigia kwa simu ya kuazima, kaka yangu akajua alichokifanya, nusura azimie. Alikwenda mwenyewe kumwita Mzee Theodory, aliyewasimamia ndoa, ili Dominika akirudi amkute mtu mzima wa kumwombea msamaha. Tukakaa sebuleni, karatasi ya maduara iko ukutani. Dominika akaingia, akapiga goti, akampigia mzee makofi ya heshima kama tunavyosalimia sisi Wafipa. Kwa mumewe hakugeuka.

"Domi, nimekosa," Flavian akaanza. "Nilidhani umevuka na yule mtu. Niue, lakini nisamehe. Kesho naenda kwa bosi wako, namwambia ni mimi."

"Usiende. Nimeshamwambia ni mimi."

"Wewe? Kwa nini?"

"Aliuliza nani kabonyeza. Ningesema ni mume wangu, angeuliza mume wangu alifikaje kwenye mfumo wa kampuni. Hapo ningekuwa sina kazi, na kesho yake ungekuwa unaniuliza mbona niko nyumbani."

Mzee Theodory akakohoa. "Na bosi amesemaje, binti yangu?"

"Amesema mpango ni mzuri, mpangaji ndiye mzembe. Na kwamba mtu wa vifaa hatakiwi kukaa mjini kwenye mtandao mzuri, akakae mahali vinapoharibika. Nahamia Kasanga, mzee. Mpaka kila tawi litulie."

Flavian alitoa mlio ambao sijausikia tena kwa mtu mzima. "Kasanga! Domi, kataa! Waambie una mume!"

"Wanajua nina mume."

"Basi sema uende Msanzi. Sema Mpui, ukae kwa baba yako!"

"Flavian," akasema, na kwa mara ya kwanza machozi yakamtoka, "mimi nilipanga kwenda Kasanga siku chache nirudi kulala kwangu. Ni wewe uliyenihamisha."

Akanyoosha mkono. Kaka akamkabidhi simu yake bila ubishi. Dominika akaufungua ule ukurasa wa ramani, akauondoa, akamrudishia.

"Nitajuaje uko wapi?" Flavian akauliza kwa unyonge.

"Utanipigia. Nisipopatikana, utakaa na hofu yako."

Mzee Theodory alisema mengi kuhusu uvumilivu, na mimi nilikubali kwa kichwa kama muumini mzuri. Moyoni nilikuwa nawaza kwamba sasa kaka amerudi kwangu, nitampikia mimi, nitamfulia mimi. Nilidhani nitafurahi. Nikaenda jikoni nikalia, na mpaka leo ukiniuliza nilikuwa namlilia nani nitakufukuza.

Jumamosi gari la kampuni likaja kuchukua vyombo, pikapu nyeupe imejaa vumbi la njiani. Dereva alikuwa mgonjwa, kwa hiyo aliyeshuka kwenye usukani ni Alphonce mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kuona mtu wa kuvunja ndoa. Alikuwa mzee kidogo, kipara, amejifunga shali la mkewe kwa ajili ya baridi ya huku kwetu. Akamsalimia Flavian kwa mikono miwili, akamwita shemeji.

Kaka akaingia ndani. Alibeba godoro la kitanda chao, alilolinunua yeye, akalilaza juu ya pikapu. Akabeba ndoo, akabeba begi, akabeba kiti alichokichonga kwa mikono yake kabla hawajaoana. Dominika ameshakaa mbele, anatazama kioo. Flavian akachukua kamba akaanza kufunga, akivuta kwa goti.

Alphonce akazunguka nyuma, akaitikisa ile kamba kidogo.

"Shemeji, kaza na huku," akasema kwa upole. "Njia ya kushuka ni mbaya, usije ukatumwagia mzigo."

Kaka yangu akazunguka upande ule, akakaza.