Rusnani na Swali la Darajani

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Rusnani Mat Desa anapanga simu thelathini na mbili mezani, taratibu, kama mtu anayepanga vikombe vya wageni. Nyingine mpya, nyingine zimepasuka vioo, maana na za wateja zimepasuka. Kazi yake ni kutafuta kasoro kwenye programu za kampuni kubwa ya teknolojia hapa Bayan Lepas, Penang, kabla hazijamfikia mtumiaji.

"Kak, umekula?" anauliza Thilagavathi wa meza ya pili, akimwita dada kwa Kimalei, huku tayari anamsogezea wali wa nazi uliofungwa kwenye jani la mgomba. Hangoji jibu. Anajua hajala.

Rusnani ana miaka arobaini na mmoja. Kwa miaka saba ametumika hapa kwa mkataba wa wakala, ringgit 2,400 kwa mwezi, karibu nusu ya anachopata mwajiriwa wa kudumu anayekaa pembeni yake. Mkataba huongezwa kila miezi sita, au hauongezwi. Ndiyo maana ameomba ajira ya kudumu mara nne, na mara nne akafanyiwa usaili.

Usaili wa nne, mwezi Machi, bado unasimuliwa kantini.

Wasaili walikuwa vijana wawili. Mmoja, Wei Jian, alimvutia kiti na kummiminia maji, jambo ambalo Rusnani hulitaja kila anaposimulia. Kisha akasoma swali: msafiri yuko ndani ya basi juu ya daraja refu, anatuma ujumbe mmoja, unafika mara mbili. Kosa liko wapi?

Rusnani akaweka kalamu chini.

"Mdogo wangu, swali hili mmelitoa wapi?"

"Kwenye maswali ya kampuni, Kak. Ni kosa lililotokea kweli."

"Najua lilitokea. Nililigundua mimi."

Miaka miwili kabla, akitoka kwao Butterworth, upande wa bara, kuja kazini kisiwani, alimwandikia mama yake katikati ya daraja kwamba angechelewa kurudi. Mama akajibu: "Nimesikia mara ya kwanza. Mimi si kiziwi!"

Mwingine angecheka, yakaisha. Rusnani alitumia siku yake ya mapumziko kuvuka daraja lile mara kumi na moja, simu mbili mkononi. Dereva, Pakcik Hamdan, yaani mjomba Hamdan, alimwachia kiti cha mbele kutwa nzima.

"Binti, umegombana na mumeo?" alimuuliza safari ya sita, akimpa chai.

"Nimegombana na simu, Pakcik."

Mwisho akaliona. Simu ilipoacha mnara wa bara na kushika wa kisiwani, programu haikupata jibu, ikadhani ujumbe haujaenda, ikautuma tena. Aliandika ripoti ya kurasa tatu. Lakini ripoti za watu wa mkataba hazibebi majina yao. Huandikwa jina la idara, basi.

Pale kwenye usaili alieleza yote, pamoja na dawa yake: kila ujumbe upewe namba, ukirudi wa namba ileile utupwe. Wei Jian akatazama karatasi yake ya majibu. "Hatua hii ya mwisho hata humu haipo," akasema.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili. Hakufaulu. Sababu: hakuna kumbukumbu ya kazi aliyoifanya yeye mwenyewe.

"Niliisoma mara tatu," anasema. "Ya kwanza nililia. Ya tatu nilicheka."

Wei Jian alishuka hadi mezani kwake, ingawa hakuna aliyemtuma. "Kak, mimi nilikupa alama za juu. Nimeandika hivyo, na nimeweka saini."

Tangu siku hiyo Rusnani huandika jina lake kamili chini ya kila ripoti. Msimamizi hulifuta.

"Anafuta, naandika. Tuone nani atachoka kwanza."

"Huyu ataandika jina hata kwenye ndoo ya kudekia," Thilagavathi anamtania. Lakini naye anaandika lake. Sasa ni tisa wanaoandika.

Mkataba wake unakwisha Agosti, na wakala amekwisha mwonya kwamba huenda usiongezwe. Jumatatu iliyopita alipeleka ombi la tano, ameambatanisha nakala sitini na tatu za ripoti, alizozihifadhi kabla msimamizi hajafuta, kila moja na jina.

"Wakinikataa, naomba la sita," anasema, akiwasha simu ya kwanza. "Na wasiponiongezea mkataba, waniandikie sababu. Chini yake waweke majina yao."