Vigingi vya Kisiwani

Niliacha shule darasa la tano, lakini kusoma najua, na karatasi yenye mistari bado inanivuta. Ndiyo maana shangazi alinituma mimi mjini Mbarara kuuliza habari ya vigingi.

Wapimaji wa ardhi walikuwa wamevuka kwa mtumbwi hadi kisiwa kidogo cha Ziwa Nakivale, wakapigilia vigingi vyekundu, wakaondoka kimya. Sisi kigingi tunakijua. Siku tulipofika kambi hii ya wakimbizi, kando ya ziwa, kutoka Kivu Kusini, ofisa alipigilia vinne akasema hapa ni penu. Basi maji yalipopungua, shangazi alikwenda kisiwani kwa miguu, akapiga magoti, akashukuru, akapanda mbegu zake zote za maharage katikati ya vigingi.

Kwenye ofisi ya ardhi Mbarara, bwana mmoja alinikunjulia ramani. Kisiwa kilikuwa cha kijani, kimechorwa picha ya ndege, korongo.

“Hii ni ya watalii. Watakuja kuangalia ndege. Hakuna mtu hapa.”

“Kuna maharage, ssebo,” nilisema, nikimwita bwana kwa lugha yao.

“Iko wapi? Mimi siioni kwa maapu,” alisema, akiigonga ramani kwa kidole.

Wenzake wakacheka. Nikauliza watalii watavuka kwa mtumbwi au kwa miguu.

“Wewe! Kisiwa unaenda na miguu?”

“Wakati wa kiangazi, ndiyo.”

Akaigeuza ramani upande, akaigeuza tena. Sasa tulikuwa wawili tusioelewa.

“Mpango haijapita bado,” alisema mwishowe. “Labda mwaka kesho. Labda hapana.”

“Basi shangazi ang'oe?”

“Sijasema ang'oe.”

“Aache mpaka avune?”

“Hiyo pia sijasema.”

Nikapanda gari la kurudi. Shangazi alikuwa akinisubiri Misiera, mtaa wetu kambini, mbele ya duka.

“Balisema nini?” aliuliza kwa Kiswahili cha kwetu, ambamo “wa” huwa “ba”.

“Ni fasi ya kuangalia ndege, tantine,” nilimwambia shangazi. “Pahali pa watalii.”

“Ndege? Bale banakulaka maharage yangu?” Alicheka, kisha akanisogelea. “Sasa ni yetu ao si yetu?”

“Sijui. Na wao hawajui.”

Kesho yake mvua ilikuwa imeanza. Tulivuka maji yakitufika magotini. Maharage yalikuwa yametoa maua. Shangazi alinipa jembe.

“Palia. Bakikuja, batatukuta.”

Nikapalia, nikivikwepa vigingi kwa uangalifu mkubwa, nisijue ninavilinda kwa ajili ya nani.