Msifu kwa Sauti

Nilipokuwa mtoto huko kijijini Chaka, miaka ile ya mwanzo ya uhuru, kumsifu mtoto wa mwenzako kulikuwa hatari. Walisema kuna watu wenye jicho: mmoja wao akikipenda kitu chako, kinaugua, na dawa ni moja tu, yeye mwenyewe akitemee mate. Wangui, rafiki yangu tuliyekaa naye benchi moja kanisani, alisemekana kurithi jicho la nyanya yake. Upuzi mtupu! Mimi nilikula naye viazi kutoka sufuria moja na sikuwahi kuumwa hata jino.

Jumapili moja baada ya ibada alimchungulia Kariuki, ndugu yangu mchanga, mgongoni kwa mama. "Ngai, huyu ni mzuri!" akasema. Kesho yake Kariuki akawaka homa, akakataa kunyonya. Mama alikuwa mtu wa kwaya, hakutaka habari za kizamani, akampeleka zahanati akapewa dawa. Homa haikushuka. Mchana uliofuata nikamwona mama akijifunga leso kwa haraka, nikajua tunakokwenda.

"Toka umtemee mtoto wangu!" mama alipiga kelele uani kwa kina Wangui. "Ati unataka kunimalizia huyu?"

Majirani walikuja mbio. Wangui akatoka, mikono imejaa unga. Hata kwa umri ule nilielewa: akitema, amekubali mbele ya Chaka yote kwamba ana jicho, na hakuna atakayemruhusu tena karibu na mtoto wala ndama. Nilitamani akatae. Lakini Kariuki alikuwa amelegea kabisa, na nilitamani pia ateme.

"Mama, Wangui hana jicho," nikasema.

"Nyamaza wewe!"

Wangui alinitazama mimi, si mama. "Mimi sina jicho," akasema. "Lakini kama hii itawasaidia, mleteni."

Akamtemea Kariuki kifuani, polepole, kama mzee anayebariki. Majirani wakarudi nyuma.

Kariuki alipona. Mama alisema ni mate. Mimi nasema ni Mungu na ile dawa, na sibishani na mtu. Lakini tangu siku hiyo watoto walifunikwa Wangui akipita, hata mlangoni mwa kanisa. Upendo wa Kristo nimehubiriwa miaka mingi. Mimi niliuona pale uani, una unga mikononi.

Nilipojifungua kifungua mimba wangu, mama alinikataza kumpeleka karibu na Wangui. Nikambeba hadi kwa Wangui, nikafunua blanketi.

"Msifu," nikamwambia.

Akatazama mlango kwanza. "Wee, mama yako atasema nini?"

"Msifu kwa sauti."

"Ni mzuri," akasema, machozi yakimtoka. "Huyu ni mzuri sana."

Nikamwachia mtoto mikononi, nikaenda jikoni kutupikia chai.